Mbwa Hayumo Kwenye Orodha

Hotuba iliyotolewa mbele ya wakazi wa Mombasa, ukumbi wa Tononoka

Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu, kina mama, vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe kwa wanaoitikia hivyo. Nashukuru kwa mwaliko, na nashukuru zaidi kwamba mmekuja kusikiliza jambo ambalo wengi mtaani huliona dogo: sheria ya kuwalinda mbwa wa polisi na wa uokoaji.

Naomba nianze na sheria yenyewe. Kifungu cha 278 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kinawataja wanyama ambao mtu akiwaiba anaweza kufungwa hadi miaka 14. Wamo farasi, punda, nyumbu, ngamia, mbuni, ng'ombe, kondoo, mbuzi na nguruwe, pamoja na watoto wao. Mbuni yumo. Nguruwe yumo. Mbwa hayumo.

Siwalaumu walioiandika. Walikuwa wakimfikiria mfugaji na boma lake, na katika boma mbwa ni mlinzi wa mali, si mali yenyewe. Lakini mji wetu leo una mbwa ambao hawalindi boma la mtu. Nendeni Kilindini. Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, lina mbwa wa kunusa bandarini pale, kama walivyo wengine katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Wamefunzwa kutambua harufu ya pembe za ndovu, ya pembe za kifaru, ya magamba ya kakakuona. Polisi nao wana kikosi chao cha mbwa, wa kunusa mihadarati na baruti na wa kufuata nyayo za mhalifu. Hawa ni watumishi wa umma. Hawalipwi, hawana chama cha wafanyakazi, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 ilitungwa kwa ajili ya binadamu, haiwagusi. Kila tunachowadai wao kiko wazi. Wanachotudai sisi hakijaandikwa mahali.

Mnajua kwa nini kazi yao ina uzito hapa kuliko mahali pengine. Kwa miaka kadhaa Mombasa ilitajwa duniani kuwa mlango mkubwa wa pembe za ndovu kutoka Afrika. Mwezi wa Juni 2014, zaidi ya tani mbili za pembe hizo zilipatikana ndani ya ghala mjini humu. Mwenye biashara ya namna hiyo anaogopa vitu vichache sana. Karatasi zinaweza kughushiwa, lakiri ya kontena inaweza kubadilishwa, na binadamu, tuseme ukweli, anaweza kupewa bahasha. Pua ya mbwa haipokei bahasha. Ina vipokezi vya harufu vinavyokadiriwa kufikia milioni 300, wakati yetu ina milioni chache tu. Shehena ikizibwa kwa chai, kwa ufuta, kwa mbao, mbwa aliyefunzwa vizuri ataipita harufu ya chai aifikie iliyofichwa nyuma yake.

Sasa fikirieni mwenye mzigo huo anamtazamaje yule mbwa. Nchini Kolombia kulikuwa na mbwa jike wa polisi aitwaye Sombra, akifanya kazi katika bandari ya Turbo. Alifichua tani kwa tani za kokeini, hata mwaka 2018 genge la wauza mihadarati likatangaza donge la fedha kwa atakayemuua. Polisi wakalazimika kumhamishia uwanja wa ndege wa Bogotá na kumwekea ulinzi. Hiyo ni bandari, kama yetu. Genge lilijua thamani ya Sombra. Ninalouliza jioni hii ni kama sheria yetu nayo inaijua ya mbwa wetu.

Haya basi, tuseme leo usiku mtu anamdunga kisu mbwa wa polisi pale Makupa, au anamwekea sumu. Mwendesha mashtaka atashika nini? Atapata kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu, kuharibu mali kwa makusudi, ambacho adhabu yake ya juu ni miaka 5. Atapata kifungu cha 338, kinachohusu kuua au kujeruhi mnyama anayeweza kuibiwa, yaani kosa linatazamwa kwa jicho la mwenye mali. Na atapata Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ambayo ndiyo pekee inayoyajali maumivu ya mnyama mwenyewe. Faini yake kwa kosa la ukatili haizidi shilingi 3,000, na kifungo hakizidi miezi sita. Shilingi 3,000! Kuna vijana hapa wanaoweka zaidi ya hiyo kwenye simu zao kwa mwezi. Kwa mwenye kontena la mamilioni hiyo si adhabu. Ni gharama ya usafiri.

Mtaniambia: lakini wakili, si umesema kuna miaka 5 ya kuharibu mali? Nimesema. Tatizo ni kwamba kesi ya mali huenda na bei ya mali. Hakimu atauliza kilichoharibiwa kina thamani gani. Mbwa wa miaka saba, aliyebakiwa na muda mfupi kazini, ana bei gani sokoni? Karibu hana. Miaka yake ya mafunzo, uhusiano wake na askari wake, watu aliowaokoa, hayo hayaingii kwenye risiti. Kadiri alivyotumikia muda mrefu ndivyo anavyozidi kuwa rahisi mbele ya mahakama. Hapo ndipo sheria inapokwenda kinyume na akili ya kawaida, na hapo ndipo Waingereza walipokwama kabla ya kuamka.

Nitakaa kidogo kwenye kisa chao, kwa sababu tuna mengi ya kuchukua humo. Usiku wa tarehe 5 Oktoba 2016, katika mji wa Stevenage, askari aitwaye Dave Wardell na mbwa wake Finn walikuwa wakimfuata kijana aliyeshukiwa kwa wizi wa kutumia nguvu. Finn alipomkamata mguu, kijana akatoa kisu kirefu akamchoma mbwa kifuani, kikafika kwenye pafu. Kisha akamgeukia askari. Finn, huku anavuja damu, akajiweka katikati na kukatwa tena kichwani. Askari alijeruhiwa mkono. Mbwa alifanyiwa upasuaji wa saa kadhaa, akapona, na wiki 11 baadaye akarudi kazini.

Kesi ilipofika mahakamani, kumjeruhi askari lilikuwa kosa la kumdhuru mtu. Kumjeruhi Finn likawa kosa la kuharibu mali, shitaka lile lile ambalo angelipata aliyevunja kioo cha gari la polisi. Kijana alihukumiwa miezi minane, na kwa ajili ya Finn hakuongezewa adhabu yoyote. Na kulikuwa na mlango mwingine wa kutokea. Chini ya sheria yao ya ustawi wa wanyama ya 2006, mshtakiwa angeweza kusema alikuwa akijilinda mwenyewe, au akilinda mali yake, kwa hiyo mateso ya mnyama yalikuwa ya lazima.

Wardell na raia wa kawaida wakaanza kampeni. Mara ya kwanza mswada ulipofika bungeni, Juni 2018, pingamizi la mbunge mmoja lilitosha kuusimamisha siku hiyo. Hawakurudi nyumbani kulia. Waliurudisha, ukapita, na tarehe 8 Juni 2019 sheria ikaanza kutumika. Watu huiita Sheria ya Finn. Inasema kwamba anayemtesa mnyama wa huduma hawezi kujificha nyuma ya hoja ya kujilinda. Miaka miwili baadaye, 2021, sheria nyingine ikapandisha adhabu ya juu ya ukatili kwa wanyama hadi miaka 5.

Lakini lililonifanya nikubali kuja hapa jioni hii ni masharti yaliyomo ndani ya Sheria ya Finn, ambayo wengi huyaruka wakisimulia kisa. Ulinzi huo unamfikia mbwa ikiwa tu alikuwa chini ya udhibiti wa askari wake, akitumiwa katika kazi ya askari huyo, kwa namna iliyokuwa ya haki kulingana na hali yote ilivyokuwa. Wala hautumiki pale mshtakiwa anapokuwa askari huyo mwenyewe. Maana yake, askari akimwachilia mbwa amng'ate mtu aliyekwisha kunyoosha mikono juu, mtu huyo bado anaweza kujitetea kama ambavyo angejitetea zamani. Kwa hiyo maneno yanayomkinga mbwa ndiyo hayo hayo yanayomfunga askari kamba.

Ndugu zangu, hilo ndilo ninalolitaka kwa Kenya. Sitaki kipande kimoja cha haki bila kingine.

Kwa sababu najua hisia zilizomo ukumbini. Wapo hapa ambao mbwa wa polisi kwao ni kumbukumbu ya msako wa alfajiri, mlango uliovunjwa, mtoto aliyelia. Wapo wanaosema, na wana haki ya kusema: watu wenyewe hawajalindwa, nyinyi mnakuja na mbwa? Siwezi kumjibu mama wa namna hiyo kwa takwimu. Namjibu hivi. Mbwa hakujituma. Wahenga wetu walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Aliyekuja na mbwa mlangoni kwako ndiye wa kuulizwa. Leo hakuna kifungu kinachomuuliza askari kwa jina la mbwa. Iko Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011, na Jedwali lake la Sita linasema askari lazima ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu, na nguvu akizitumia ziwe za kadiri ya lengo. Mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, IPOA, ipo kuchunguza. Ninachodai ni tuandike waziwazi kwamba meno ya mbwa ni nguvu ya polisi kama ilivyo rungu, kwamba kila mng'ato uandikwe kwenye kitabu cha matukio pamoja na jina la askari na la mbwa, na aliyeng'atwa apelekwe hospitali na kupigwa chanjo ya kichaa cha mbwa kwa gharama ya serikali. Mkitaka raia waheshimu kazi ya mbwa, waonyesheni kwanza kwamba mbwa hatatumiwa kuwadhulumu. Bila hilo, sheria yoyote ya kumlinda itaonekana mtaani kama kinga nyingine ya polisi, na watu watakuwa na haki ya kuikataa.

Nchi nyingine nitazipita haraka. Kanada walipoteza mbwa wa polisi aitwaye Quanto, aliyechomwa kisu mjini Edmonton mwaka 2013, na mwaka 2015 wakapitisha sheria yenye adhabu hadi miaka 5. Imeongeza jambo moja la busara: adhabu ya kumdhuru mnyama wa polisi haiendi sambamba na adhabu nyingine, mtu anaimaliza hii ndipo anaianza ile. Marekani ina sheria ya serikali kuu tangu 2000, hadi miaka 10 kwa anayemuua mbwa au farasi wa vyombo vyake vya usalama, au kumwachia kilema cha kudumu. Majimbo yao yana sheria zao pia.

Katika jimbo la Massachusetts kuna jambo la kulitazama kwa makini. Aprili 2018 askari mmoja aliuawa kwa risasi akitekeleza hati ya kukamata, na mbwa wake Nero akapigwa risasi pia. Nero alipotolewa akiwa hai, magari ya wagonjwa yalikuwepo pale pale, lakini sheria ya jimbo haikuruhusu kumbeba mnyama. Akapelekwa kwa gari la polisi. Alinusurika. Mwaka 2022 jimbo likabadilisha sheria: mbwa wa polisi aliyejeruhiwa kazini anaweza kutibiwa na kubebwa na gari la wagonjwa, ikiwa hakuna binadamu anayelihitaji kwa wakati huo. Hilo la mwisho ni muhimu, na hata kwetu lazima liandikwe hivyo hivyo. Binadamu kwanza, kisha mbwa. Lakini mbwa asiachwe afie barabarani kwa kuwa hakuna aliyeandika kwamba anaweza kubebwa.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo katika mji huu huwezi kulikwepa. Mimi ni mwanamke wa Mji wa Kale, nimelelewa kwenye madhehebu ya Shafi kama wengi wenu, na nimefundishwa tangu madrasa kwamba mate ya mbwa ni najisi nzito, ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Sikuja hapa kulibadilisha hilo, wala sina elimu ya kulibadilisha. Ninachosema ni kwamba najisi ni hukumu ya tohara, haijawa kamwe ruhusa ya kudhulumu. Katika Suratul Maida, aya ya nne, mmehalalishiwa kula mlichokamatiwa na mnyama wa kuwinda mliyemfunza. Mafunzo yake yanatambuliwa ndani ya Kitabu. Katika Suratul Kahf, wale vijana wa pangoni walikuwa na mbwa wao amenyoosha miguu kizingitini, na ametajwa pamoja nao kila walipohesabiwa. Na ile hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake, mnaijua kuliko mimi. Masahaba wakauliza kama kuna ujira kwa wanyama pia, wakajibiwa kwamba kuna ujira katika kila chenye uhai.

Basi mtoto wa mtaani kwetu anayemrushia mbwa mawe kwa kuwa ameambiwa ni najisi, amefundishwa nusu ya somo. Mawe hayo hayo ndiyo yatakayorushwa siku mbwa wa uokoaji atakapoletwa kunusa kifusi cha nyumba yake mwenyewe.

Na upande wa pili, serikali nayo ina adabu ya kuishika. Mbwa asiingizwe msikitini wala katika nyumba ya mtu pale ambapo kazi inaweza kufanywa kwa njia nyingine. Ikilazimika, watu waelezwe, mazulia na misahafu viondolewe kwanza, na atumike mbwa anayeketi chini anapopata harufu, si anayerukia na kulamba. Mbwa wa viwanja vya ndege wengi wamefunzwa hivyo hivyo, kwa hiyo si jambo la kubuniwa upya. Hata bandarini kuna mbinu ya kufyonza hewa kutoka ndani ya kontena, ikapita kwenye kichujio, na kichujio hicho ndicho anachopelekewa mbwa anuse mahali pa utulivu. Imejaribiwa hapa hapa Mombasa. Inampunguzia mbwa joto la bati na inampunguzia mwenye mzigo usumbufu. Kila inapowezekana, twendeni njia hiyo.

Nimetaja kifusi. Hapo ndipo moyo wangu ulipo hasa.

Tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa Nairobi na jengo la jirani likaporomoka, zaidi ya watu 200 waliuawa. Timu za uokoaji zikaja kutoka Israeli na Marekani na mbwa wao. Waliokuwa wakubwa wakati ule wanakumbuka picha zile: mashine zinazimwa, umati unaombwa ukae kimya, mbwa anapanda juu ya zege lililovunjika akitafuta pumzi ya binadamu chini yake. Lakini walikuja kwa ndege kutoka mbali, na aliye chini ya zege anahesabu saa.

Tazameni mji wetu. Tuna nyumba za kale za matumbawe zilizochoka katika Mji wa Kale. Tuna maghorofa yaliyosongamana Majengo, Tudor, Kisauni, mengine yamepandishwa orofa kwa haraka kuliko saruji inavyokauka. Jengo likianguka, majirani ndio wa kwanza, kwa mikono mitupu na mitaimbo. Mungu awalipe. Lakini mikono haijui aliye hai yuko wapi. Mbwa wa kifusi anajua, na anaweza kulimaliza eneo kwa muda mfupi sana kuliko watu kumi wenye masikio makali. Ili afanye kazi hiyo anahitaji vitu ambavyo ni sheria pekee inayoweza kumpa kwa uhakika: eneo lizungushiwe kamba, umati urudi nyuma, pawe kimya, asizuiwe, asipigwe. Kumzuia mbwa wa uokoaji akiwa kazini liwe kosa. Siku hiyo kumzuia mbwa ni kumzuia mtu aliyezikwa hai asipatikane.

Na hapa Waingereza wameacha pengo ambalo sisi tusiliige. Sheria ya Finn iliandikwa kwa ajili ya wanyama walio chini ya polisi na maafisa wa magereza. Mbwa wa mtu wa kujitolea, anayepanda milimani usiku kumtafuta mzee aliyepotea, hakutajwa humo. Florida walifanya vyema zaidi: sheria yao inamtaja mbwa wa polisi, mbwa wa zimamoto na mbwa wa utafutaji na uokoaji kwa pamoja. Sisi tuwataje wote tangu siku ya kwanza, hata kama idadi yao bado ni ndogo. Sheria isisubiri mbwa waumizwe au wafe ndipo iandikwe kwa majina yao, kama ilivyokuwa kwa Finn, Quanto na Nero.

Pia kuna mbwa wageni. Februari 2023, baada ya tetemeko la Uturuki, Mexico ilipeleka mbwa wake wa uokoaji, na mmoja wao, Proteo, akafia kazini huko. Waturuki baadaye wakawapa Wamexico mtoto wa mbwa kama shukrani. Ikitokea maafa hapa na timu kama hiyo ikatua uwanja wa ndege wa Moi, mbwa wake watakutana na Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, na vibali vya kuingiza mnyama nchini. Vibali hivyo ni vya haki, kichaa cha mbwa bado kinaua watu wetu. Lakini inafaa pawe na utaratibu ulioandaliwa mapema, wa cheti cha chanjo kukaguliwa uwanjani ndani ya saa moja na mbwa kuruhusiwa kwenda kazini. Utaratibu wa namna hiyo hautungwi siku ya msiba.

Nani wa kufanya haya? Watu wengi wataelekeza kidole Nairobi, na kwa mbwa wa polisi ni kweli: Kanuni ya Adhabu ni ya Bunge la Taifa, na Katiba, kifungu cha 119, inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge au libadilishe sheria. Ombi la kwanza litakwenda huko. Kifungu cha 253 cha Kanuni ya Adhabu kinampa anayemshambulia askari akiwa kazini kifungo cha miaka 5. Mbwa si askari, na sidai awe sawa naye, ila awe na kifungu chake, chenye masharti yale niliyoyasema.

Lakini someni Jedwali la Nne la Katiba, sehemu ya pili, kazi za kaunti. Limo jambo la udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na utoaji wa leseni za mbwa. Limo pia la zimamoto na kukabiliana na maafa. Mambo yote mawili yako chini ya kaunti moja, na mbwa wa uokoaji anakaa pale yanapokutana. Bunge la Kaunti ya Mombasa lina uwezo wa kutunga sheria ya mbwa wa uokoaji bila kumsubiri mtu. Humo humo liweke mambo madogo yenye maana kubwa: saa za kazi zisizidi kiasi katika joto la Machi, maji na kivuli, viatu na miwani kwa mbwa wa kifusi kama alivyovaa yule Frida wa jeshi la majini la Mexico mwaka 2017, na daktari wa mifugo anayejulikana kwa jina na namba ya simu wakati wowote.

Na liseme mbwa anakwenda wapi akizeeka. Mbwa wa kazi huchoka akifikia miaka minane, tisa. Marekani, hadi mwaka 2000, mbwa wa jeshi aliyezeeka hakuwa na njia rahisi ya kupata nyumba. Sheria ya mwaka huo ikafungua mlango wa kuwaasili. Kwetu pendekezo ni kwamba askari aliyefanya naye kazi apewe nafasi ya kwanza ya kumchukua, bila mnada, na gharama za dawa zake zichangiwe na kituo alikotumika. Hakuna mnunuzi mwenye haki zaidi ya yule aliyelala naye kwenye mvua.

Ombi la pili, la kaunti, tumeliandaa chini ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Rasimu zote mbili ziko kwenye meza karibu na mlango, kwa Kiswahili, herufi kubwa ili wazee wazisome bila taabu. Andikeni jina, namba ya kitambulisho na wadi. Asiyekubaliana na kifungu chochote asiondoke kimya. Kuna karatasi nyeupe pembeni, aandike pingamizi lake, nalo litaambatanishwa kama lilivyo. Kifungu cha sita, cha mbwa kuingia katika nyumba za ibada, bado hakijakamilika. Nawaomba maimamu na wachungaji mliopo tubaki baada ya kikao tukiandike pamoja, maana waheshimiwa wa wadi wanakutana nasi wiki ijayo na sitaki kwenda kwao na ukurasa mtupu.